Mume wangu alikatwa vidole kazini. Kwa nini hatuwezi kwenda mahakamani?

*Swali:* Shikamoo wakili. Mume wangu alikuwa akiendesha mashine katika kiwanda kimoja hapa Changamwe, Mombasa. Miezi saba iliyopita mashine ile ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Aliingizwa kazini na wakala wa ajira, na mshahara wake wa shilingi 18,000 kwa mwezi alikuwa akitumiwa na wakala huyo kwa M-Pesa. Walilipia matibabu ya siku ya kwanza, basi. Tulipomwendea wakili, alitwambia kesi kama hii haifunguliwi tena mahakamani, twende kwa Mkurugenzi. Binamu yake aliyeko Houston anasema angekuwa kule angelipwa mamilioni. Ni sheria gani hii inayomfungia maskini mlango wa mahakama? Na sasa tufanye nini? Mama Salma.

*Jibu:* Marahaba, Mama Salma. Mpe mume wako pole nyingi. Anayefanya kazi kwa mikono yake akipotewa na vidole, hasara yake haimaliziki siku kidonda kinapopona, na nitaandika nikilikumbuka hilo.

Wakili wenu aliwaambia kweli, lakini aliwaambia nusu. Nitakueleza kwanza kwa nini mlango ule ulifungwa, maana ndilo swali uliloanza nalo na unastahili kujibiwa. Kisha nitakuonyesha milango iliyobaki wazi. Ipo, na mmoja huenda wakili wenu hakuufikiria.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wote huiita WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008. Kifungu chake cha 16 kinasema mfanyakazi aliyeumia kazini, au jamaa zake waliokuwa wakimtegemea kama amefariki, hawawezi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kudai fidia. Fidia yake itatoka ndani ya sheria hiyo tu. Madai yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yeye ndiye anayekadiria, na mahakama inakuja baadaye, kwa njia ya rufaa.

Ukiisoma hivyo, inaonekana ni dhuluma tupu. Mimi nilianza uwakili wakati mlango ule ungali wazi, na sitaki kukudanganya kwamba ndani yake mlikuwa na neema.

Chini ya sheria ya zamani, Sura ya 236, mfanyakazi alikuwa na hiari: achukue fidia ya kisheria iliyokuwa ndogo, au aende mahakamani kudai zaidi. Wengi walikwenda mahakamani. Lakini huko kuumia hakukutosha. Ilibidi uthibitishe kwamba uliumia kwa sababu ya uzembe wa mwajiri: mashine haikuwa na kinga, hukupewa glavu, hukufundishwa. Na nani atakuwa shahidi wako? Ni yule aliyekuwa amesimama kando yako, ambaye bado anakula mshahara wa mtu unayemshtaki. Nilikuwa na mteja aliyeungua mkono wote hadi begani. Shahidi wetu alinihadithia kisa chote ofisini kwangu, neno kwa neno. Siku alipoingia kizimbani akasema alikuwa amegeuka, hakuona kitu. Sikumlaumu, alikuwa na watoto watatu. Kesi ikatupwa, na kwa kuwa kwetu anayeshindwa ndiye anayebebeshwa gharama, mteja wangu akatoka pale akiwa na mkono wenye makovu na deni juu yake.

Hata walioshinda walisubiri miaka. Tena hakimu angeweza kusema na wewe ulichangia ajali kwa kutokuwa mwangalifu, akakata theluthi au nusu ya fidia. Na ukweli mwingine, ambao sisi mawakili hatupendi kuusema hadharani: walikuwako madalali waliovizia hospitalini na kwenye mageti ya viwanda wakikusanya majeruhi kama watu wanaokusanya vyuma chakavu, na ripoti za daktari zilizofanana maneno mpaka nukta. Waajiri na kampuni za bima walipolalamika, si kila walichosema kilikuwa uongo.

Hapo ndipo linapokuja wazo lililo chini ya WIBA. Si la Kenya. Ujerumani ililianza mwaka 1884, Uingereza ikafuata kwa namna yake mwaka 1897. Wazo ni kubadilishana. Mfanyakazi anaiacha haki ya kushtaki, na pamoja nayo anaacha uwezekano wa kupata fedha nyingi. Mwajiri naye anaacha haki ya kusema "sikukosea". Ukiumia kazini unalipwa, mwajiri awe amezembea au hakuzembea, unalipwa haraka, na kiasi kinajulikana kwa hesabu.

Kisa kinachonisaidia zaidi kulielewa jambo hili ni cha New York. Jimbo lile lilipitisha sheria ya aina hii mwaka 1910. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta, ikisema kumlazimisha mwajiri alipe pasipo kosa lake ni kumnyang'anya mali yake kinyume cha katiba. Kesho yake, tarehe 25 Machi, kiwanda cha nguo cha Triangle kikashika moto jijini humo. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda waliachiliwa katika kesi ya jinai. Kesi za madai zilizofunguliwa na familia ziliisha mwaka 1914 kwa malipo ya dola 75 kwa kila marehemu. Dola 75, Mama Salma, kwa njia hiyo hiyo ya mahakama tunayoililia. New York ikabadilisha katiba yake mwaka 1913, ikapitisha sheria mpya, na mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali. Sehemu kubwa ya hoja ilikuwa hii: mfanyakazi ananyang'anywa kitu, naam, lakini anapewa kingine chenye maana mahali pake.

Shika maneno hayo, "anapewa kingine mahali pake". Ndiyo mizani ninayotumia kupimia kila sheria ya kupunguza kesi za fidia, iwe ya Nairobi au ya Houston.

Kwetu vita vilikuwa virefu. Chama cha Mawakili Kenya kiliipinga WIBA mapema, na Machi 2009 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu kadhaa, cha 16 kikiwamo. Kesi zikaendelea kumiminika mahakamani kama kwamba sheria haipo. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha karibu vyote. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: kifungu cha 16 hakipingani na Katiba, kwa sababu hakimnyimi mfanyakazi haki bali kinampitisha kwanza kwa Mkurugenzi, na asiporidhika mahakama ingali mbele yake kwa rufaa. Maelfu ya waliokuwa wamefungua kesi katika miaka ile kumi ya mkanganyiko wakabaki hawajui waende wapi, mpaka Jaji Mkuu alipotoa maelekezo mwaka 2023 kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi huo zimalizwe huko huko mahakamani. Nyinyi hamumo katika kundi hilo.

Ni vyema ujue pia kwamba mimi ni mmoja wa mawakili hao, na kwamba tulikuwa na maslahi yetu katika kesi ile. Kesi za majeraha zilikuwa mkate wa ofisi nyingi ndogo. Kwa hiyo ninaposema naamini Mahakama ya Juu iliamua sawasawa kuhusu wazo lenyewe, nasema kinyume cha mfuko wangu. Kisichonilaza ni namna Kenya inavyoitekeleza nusu yake ya mapatano.

Kabla ya hapo, niseme machache kuhusu binamu wa Houston, kwa sababu maneno ya namna hiyo huwavunja watu moyo bure.

Marekani nayo, kwa jumla, haimruhusu mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake kwa jeraha la kazini. Mapatano yale yale ya 1917 yanatawala karibu kila jimbo. Ila Texas, jimbo lenye mji huo wa Houston, ina tofauti ya pekee: mwajiri binafsi anaweza kuamua kutojiunga na mfumo wa fidia. Asipojiunga, mfanyakazi anaweza kumshtaki kwa uzembe, na mwajiri huyo anapoteza baadhi ya kinga zake za zamani, kama ile ya kusema "na wewe ulichangia". Akijiunga, hali ni kama ya mume wako. Kwa hiyo binamu hakusema uongo, ila ni kweli ya baadhi ya waajiri wa jimbo moja.

Na Texas hiyo hiyo inatufundisha aina nyingine kabisa ya mageuzi. Mwaka 2003 bunge lake liliweka kikomo kwa wanaoumizwa na madaktari: fidia ya maumivu, ulemavu na huzuni isizidi dola 250,000 kwa upande wa madaktari, na kiasi kingine kwa hospitali. Mnamo Septemba mwaka huo wapiga kura wakaikubali kwa wingi mwembamba sana. California ilikuwa imeweka kikomo cha dola 250,000 tangu 1975, na haikukiongeza mpaka mwaka 2022 ilipopitisha sheria ya kukipandisha hatua kwa hatua. Miaka 47 namba ile ile, huku bei ya kila kitu ikipanda.

Wanaotetea vikomo husema bima ya madaktari ilikuwa ghali mno, madaktari wanakimbia, na mwishowe mgonjwa ndiye anayeumia. Hoja hiyo si ya kubeza, na malipo ya bima Texas yalishuka kweli. Lakini tazama kikomo kinamgusa nani. Mishahara iliyopotea haina kikomo. Mhandisi akilemazwa, hasara yake inahesabika kwa mshahara wake na analipwa yote. Mtoto mchanga, bibi kizee au mama wa nyumbani hana mshahara wa kuonyesha. Karibu hasara yake yote ni ile isiyo na risiti, na hiyo ndiyo iliyokatwa. Tena huko mawakili wa fidia hulipwa sehemu ya kile kinachopatikana, mara nyingi kama theluthi. Kesi ya mtu asiye na mshahara ikishakatwa, gharama za mashahidi wa kitaalamu zinaweza kuimeza yote, na wakili anaikataa. Mlango wa mahakama uko wazi, lakini hakuna wa kumshika mkono kumwingiza. Na mtu huyo amepewa nini mahali pa kile alichopoteza? Sioni. Hakuondolewa mzigo wa kuthibitisha uzembe wala hakuahidiwa kulipwa haraka. Amepunguziwa tu.

Kwetu kikomo cha namna hiyo kipo kwenye ajali za barabarani. Kampuni ya bima ya gari haiwajibiki kumlipa majeruhi zaidi ya shilingi milioni 3. Mahakama ikikupa milioni 7, zile nne kamtafute mwenye gari, na mara nyingi mwenyewe hana ila lile gari lililopondeka.

Sasa turudi kwa mume wako na kwa nusu ya mapatano ambayo haijalipwa.

Sheria inasema madai yakishawasilishwa, mwajiri au bima yake alipe ndani ya siku 90. Mwajiri analazimika kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Yote mazuri. Lakini WIBA haikueleza waziwazi mwajiri akikaidi tathmini ya Mkurugenzi nani atakayemkamatia mali. Mkurugenzi hana madalali wa mahakama. Wafanyakazi wamelazimika kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kuomba tathmini igeuzwe hukumu, na huko majaji wenyewe wametofautiana, wengine wakisema mamlaka hayo wanayo, wengine hawayaoni kwenye sheria. Nimekaa na mama mmoja mjane aliyekuwa na barua ya tathmini kwenye mfuko wa plastiki, ameikunja na kuikunjua mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mwajiri wa marehemu hakuwa na bima. Barua ilisema anadaiwa zaidi ya milioni. Mama yule hakuwa na nauli ya kurudi Kilifi.

Hilo ndilo linaloniuma. Mahakama ilifungwa kwa ahadi ya malipo ya haraka. Mtu akinyimwa mahakama na malipo yasije, yule hakubadilishana, amepokonywa. Bunge lingeweza kulirekebisha kwa mistari michache: tathmini isiyokatiwa rufaa ihesabiwe kuwa hukumu. Na lingeweza kwenda mbali zaidi, kama jirani zetu wa Tanzania. Kule, chini ya sheria ya 2008, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi Julai 2015. Waajiri wote wanauchangia sehemu ya mishahara, na aliyeumia anadai kwa Mfuko, hamfukuzii mwajiri wake mlangoni. Mwajiri akifilisika au akitoroka, Mfuko ungalipo. Sisemi hakuna foleni wala malalamiko, lakini mjane hafanywi mkusanya madeni.

Dosari nyingine ni ya hesabu. Ulemavu wa kudumu unakadiriwa kwa mapato ya miezi 96 yakizidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Kwa mshahara wa 18,000, miezi 96 ni shilingi 1,728,000. Tuseme daktari ameandika asilimia 12, huo ni mfano tu, fidia itakuwa shilingi 207,360. Maumivu hayamo. Na vidole vile vile vya meneja anayelipwa 180,000 vitathaminiwa mara kumi. Mahakama angalau ilikuwa na fungu la maumivu lililomtazama mtu kama mtu. Ningependa kuona WIBA ikiongezwa kiasi fulani cha maumivu kisichotegemea mshahara, hata kiwe kidogo.

Basi, mfanye nini?

La kwanza ni muda. Madai yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, na nyinyi mmebakiwa na mitano. Mwajiri alitakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba tangu ajue. Msidhani aliripoti. Nendeni wenyewe ofisi ya Usalama na Afya Kazini ya Mombasa mkaulize kama ajali ya tarehe ile imo kwenye rekodi zao. Kama haimo, iripotini hapo hapo, na muondoke na nakala iliyopigwa muhuri.

Chukueni kitambulisho, karatasi za hospitali za siku ile, picha za mkono, na jumbe za M-Pesa za mshahara. Hizo jumbe ni dhahabu. Mwajiri anaweza kusema hamjui, lakini hawezi kuifuta historia ya miamala. Kama simu imepotea, ombeni taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu. Andikeni majina ya waliokuwa zamu ile. Daktari atajaza sehemu yake ya fomu na kuweka asilimia. Mwombeni aupime mkono kwa jumla, namna unavyoshika na kukunja, asihesabu vidole tu. Kama mume wako alikaa nyumbani bila kazi akiuguza kidonda, kuna malipo ya muda ya kipindi hicho, hadi miezi 12, na gharama za matibabu zilizofuata ni za mwajiri pia. Wekeni risiti zote.

Tathmini ikitoka na mkaiona ndogo, pelekeni pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60. Akishajibu mna siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira. Msiruhusu mtu wa kampuni awasainishe karatasi ya "tumemalizana" kwa bahasha ya elfu thelathini. Wamo wengi waliotia sahihi namna hiyo wakiwa na dripu mkononi.

Na sasa mlango ule ambao huenda wakili wenu hakuutazama. Kifungu cha 16 kinamkinga mwajiri wa aliyeumia, na mwajiri peke yake. Umesema mume wako aliletwa na wakala, na wakala ndiye aliyekuwa akimlipa. Ikiwa wakala ndiye mwajiri wake kisheria, basi kiwanda ni mtu wa tatu, na mtu wa tatu hana kinga hiyo. Anaweza kushtakiwa mahakamani kwa uzembe wa kuacha mashine bila kinga, na kifungu cha 17 kinalitambua hilo, ingawa fidia ya WIBA itazingatiwa ili asilipwe mara mbili. Muda wa kesi kama hiyo ni miaka mitatu tangu ajali. Kiwanda kitajitetea kwamba chenyewe ndicho kilichokuwa kikimwamuru mume wako kila siku, kwa hiyo ni mwajiri. Kikisema hivyo mbele ya Mkurugenzi, nacho kinawajibika kulipa WIBA. Hakiwezi kuwa mwajiri Jumatatu na mgeni Jumanne, na ndiyo maana barua ya madai mwiandikie wakala na kiwanda, wote wawili, kwa siku moja.

Kwa hili la pili mtahitaji wakili. Akiwaambia hamtalipa chochote mpaka mshinde, ulizeni vizuri, kwa kuwa sheria yetu ya mawakili hairuhusu mkataba wa malipo kwa sharti la kushinda, na mwenye kuanza na ahadi asiyoweza kuiandika huenda akamaliza na makato msiyoyajua. Takeni ada iandikwe. Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo, anzeni hapo. Lakini ofisi ya Mkurugenzi haihitaji wakili. Nendeni wiki hii, asubuhi, na mume wako aende mwenyewe ili mkono uonekane.